Wiki Sita Kizimbani: Mgongo wa Tito

Dalili ya kwanza tuliiona kwenye bakuli. Tito, Dachshund wetu mwekundu wa manyoya mafupi, mbwa wa mwili mrefu na miguu mifupi, wakati huo akiwa na umri wa miaka mitano, aliisogelea nyama yake asubuhi ile, akainusa, lakini hakuinamisha kichwa. Alisimama mgongo ameukunja juu, shingo imekaza, mapaja yanatetemeka. Ukimgusa tumbo unalikuta limekakamaa, na hapo ndipo wengi hudhani mbwa amevimbiwa, wakampa dawa ya minyoo na kungoja kesho. Dachshund akikaza tumbo huku anakataa kuinama, fikiria mgongo kwanza.

Kufikia saa kumi jioni alikuwa anayumba. Kucha za nyuma zilikwaruza vigae, na wayo wa kushoto ukawa unakunjika, akikanyagia upande wa juu. Kuna kipimo cha kufanya nyumbani: mshikilie mbwa asimame, upindue wayo wa nyuma ili upande wa juu uguse sakafu, kisha uuachie. Mbwa mzima huurudisha papo hapo. Wa Tito ulibaki ulivyowekwa.

Jirani alituletea vidonge vya ibuprofen, kwa nia njema kabisa. Tulimshukuru, hatukuvitumia. Dawa hiyo ya binadamu hutoboa tumbo la mbwa na kuumiza figo zake. Tena inamfunga daktari mikono: dawa za jamii hiyo hazichanganywi na steroidi, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe, na mbwa aliyepewa zote mbili anaweza kuvuja damu tumboni. Tulimlaza juu ya ubao wa rafu tuliouchomoa kabatini, tukamfunga kwa leso mbili za bibi ya watoto, moja kifuani na nyingine kiunoni, asijipinde njiani. Barabara za Nairobi zina matuta ya kutosha.

Daktari wa mifugo alimpima miguu, kisha akachukua koleo dogo na kubana kidole cha nyuma, akibana mpaka mfupa.

“Mama, mshike polepole, usimzuie kugeuka,” aliniambia. “Mimi sitazami mguu, natazama kichwa.”

Tito alivuta mguu, akageuka, akafoka na kutaka kuuma. Daktari akasema vizuri sana. Mguu unaweza kujivuta wenyewe bila ubongo kujua lolote. Kinachohesabika ni mbwa kulia, kugeuka au kutaka kuuma, maana yake maumivu yamefika kichwani. Ngazi za ugonjwa huu wa diski za mgongo ni tano: maumivu tu, kuyumba lakini anatembea, hawezi kutembea ila anasogeza miguu, amepooza ila anahisi, amepooza na hahisi. Huyo wa mwisho hukimbizwa kwenye upasuaji mara moja, na hata hivyo nafasi yake ya kutembea tena ni kama nusu kwa nusu. Kufikia usiku ule Tito alikuwa ameshuka hadi ngazi ya tatu. Tuliafikiana aanze na dawa na kufungiwa kizimbani asitembee, kwa sharti kwamba akishuka ngazi moja tu, apelekwe upasuaji bila kuchelewa. Picha ya eksirei ilionyesha diski zenye chokaa na nafasi moja iliyobanana nyuma ya mbavu, lakini ugwe wa mgongo wenyewe, ule uzi wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo, hauonekani kwenye eksirei. Huo unahitaji kipimo kama MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku.

Chanzo chake Dachshund wamezaliwa nacho. Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna diski: nje pete ngumu, ndani ute mzito unaopokea mishtuko. Badiliko mojawapo la jeni linalofupisha miguu ya mbwa hawa, lililo kwenye kromosomu ya 12, hukausha ute huo mapema, mara nyingi kabla mbwa hajatimiza miaka miwili, ukawa mgumu wenye chokaa. Pete ikipasuka, makombo hayo hurushwa juu na kuubana ugwe. Si lazima mbwa awe ameruka kutoka mahali. Inaweza kutokea akijikuna sikio. Takriban Dachshund mmoja kati ya watano hadi mmoja kati ya wanne hupatwa na tatizo hili maishani, wengi wakiwa kati ya miaka mitatu na saba. Anayetaka kumleta mbwa huyu kwenye nyumba yenye watoto ajue hayo kabla hajauliza bei.

Fundi alitutengenezea kizimba cha mbao na wavu, sentimita 90 kwa 60, chenye kifuniko. Kipimo chake ni hiki: mbwa aweze kusimama, kugeuka na kulala amejinyoosha, lakini asiweze kupiga hatua wala kusimama kwa miguu ya nyuma. Kifuniko ni lazima, kwa sababu Dachshund hujiinua wima akitaka kuchungulia, na mkao huo ndio unaoumiza. Chini tuliweka godoro jembamba na gumu, juu yake taulo. Godoro nene la sponji humfanya ayumbe kila anapogeuka.

Siku mbili za mwanzo hakuweza kukojoa mwenyewe. Ukimwinua, mkojo ulidondoka, na hilo huwadanganya watu: ule ni mkojo unaofurika kwenye kibofu kilichojaa, si kukojoa. Daktari alinionyesha jinsi ya kuweka viganja pande mbili za tumbo mbele ya mapaja, kukitafuta kibofu, kisha kubana taratibu kuelekea nyuma mpaka mkondo utoke na kukatika. Kila baada ya saa sita hadi nane, usiku na mchana. Mkojo ukiwa na ukungu au harufu kali, peleka sampuli.

Alipoanza kujisaidia, tulimtoa mara nne au tano kwa siku. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mgongo umelala sawa. Kamwe si kwa makwapa, na watoto hawakuruhusiwa kumwinua kabisa. Walikaa naye sakafuni kando ya wavu. Nje nilipitisha leso iliyokunjwa chini ya tumbo lake karibu na mapaja, nikabeba uzito wa nyuma huku mkanda wa kifuani ukimwongoza mbele. Dakika tano, kisha ndani. Chakula tulikipunguza karibu robo, na mandazi ya wageni yakapigwa marufuku. Pitisha vidole ubavuni: mbavu zihesabike chini ya ngozi kama vifundo vya ngumi. Kila kilo ya ziada inakaa juu ya mgongo ule.

Wiki ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, nami nasema ndiyo inayorudisha wengi nyuma. Maumivu yalikuwa yameisha, Tito anasimama, mkia unapiga wavu, watoto wanalia, “Mama, amepona, mfungulie!” Alikuwa hajapona. Dawa na kupungua kwa uvimbe vilikuwa vimempa nafuu, lakini pete ya diski huziba kwa kovu, na kovu hilo linataka wiki sita. Akiruka sasa, makombo zaidi hutoka palepale. Naye si mbwa wa kutulia. Wajerumani walimfuga amfuate mnyama shimoni, abweke chini ya ardhi mpaka mwindaji ajue pa kuchimba. Chama chao cha Dachshund, Deutscher Teckelklub, kipo tangu 1888, na bado kinawapima uwezo wa kuwinda. Muuza mboga alipogonga geti, mbwa aligonga kizimba. Dawa yake ilikuwa kukigeuza kitazame ukuta, kukifunika leso upande wa geti, na kumfichia nafaka za chakula ndani ya makatoni ya mayai ili pua ifanye kazi badala ya miguu.

Baada ya wiki sita daktari alirudia kipimo cha wayo, ukageuka haraka. Tulianza na matembezi ya dakika tano kwenye tambarare, tukiongeza chache kila wiki. Kola ya shingoni tuliiweka kando moja kwa moja. Shingo nayo ina diski. Vigae vya sebuleni vilifunikwa kwa zulia lenye mpira chini, ngazi zikawekewa kilango. Kochi la sentimita 45 lilipata ubao wa kupandia wa mita moja na nusu, uliobandikwa zulia na kuwekewa kingo pande zote mbili. Ubao mfupi huwa mwinuko, na mbwa huuruka. Tulimfundisha kuutumia kwa vipande vya maini ya kuchemsha, kwanza ukiwa umelala sakafuni.

Wayo wa kushoto hadi leo hukwaruza kidogo akichoka, kwa hiyo kucha mbili za katikati huisha upesi kuliko nyingine. Tunazikagua kila baada ya matembezi ya lami, na zikikaribia nyama tunamvalisha soksi ya ngozi. Ubao wa rafu na leso mbili viko kwenye buti ya gari, kwa sababu diski nyingine bado zina chokaa ileile.