Ghala Lenye Matairi Sita

Masomo ya wiki: Kutoka 16:13–30 na Luka 12:13–21

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Huko Marekani wako watu wanaonunua basi la shule lililostaafu, wanang'oa viti, wanaweka kitanda, jiko na tangi la maji, kisha wanahamia humo. Basi la urefu wa mita 12, ukitoa sehemu ya dereva na injini, hubaki na kama mita 20 za mraba za kuishi. Wengine wameshindwa na kodi ya nyumba, na hao tuwaombee. Wengine wamechoka na mali. Hawa wa pili ndio wanaotuhusu leo, kwa sababu hudhani wakishafunga mlango wa basi, choyo kimebaki stendi. Kumbe choyo hudandia mlangoni kama konda.

Tuanze na sakafu. Chini ya raba nyeusi kuna plaiwudi, na chini ya plaiwudi kuna bati. Maji ya mvua huvuja kwenye fremu za madirisha mwaka hadi mwaka, yakashuka na kukaa ndani ya mbao. Juu raba inang'aa, chini bati linaliwa. Mwenye haraka hutandika sakafu mpya juu ya ile ya zamani, na hapo amefungia maji ndani. Dawa yake ni kazi: ziba madirisha kwanza, toa raba, ng'oa plaiwudi yote, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, iache ikauke, ndipo upake rangi. Bolti za viti huacha matundu mengi, na wengi huko huyaziba kwa sarafu ya senti moja na gundi isiyopitisha maji. Bwana alipotaja nondo na kutu katika Mathayo 6, alikuwa anazungumzia hazina, siyo takataka. Kutu haisubiri kitu kizeeke machoni pa mwenyewe.

Halafu uzito. Katika nyumba ya kawaida, kitu ulichosahau kabatini hakikudai chochote. Ndani ya basi kila kilo inabebwa na ekseli, tairi na breki, na unailipia kwenye kituo cha mafuta. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 300 ni kilo 300 kabla hujapanga hata sufuria. Liwe karibu na ekseli ya nyuma, na upande wa pili uwekewe kitu kizito cha kusawazisha, kama betri. Likiwekwa mkiani kabisa, basi linalemea nyuma na matairi ya mbele yanapungukiwa mshiko. Kibao kilicho karibu na dereva kinaonyesha uzito wa juu kabisa. Lipime likiwa tupu, ulipime tena likiwa na mafuta, maji, vyombo na watu, tena kila ekseli peke yake, maana jumla inaweza kuwa halali huku ekseli moja imezidiwa. Pale mizanini neno la Luka 12:15, kwamba "uzima wa mtu haumo katika wingi wa vitu vyake alivyo navyo", linasomeka kwa kilo.

Lakini fundisho kubwa la basi ni jasho. Gesi ya propani ikiungua, kila kilo moja hutoa maji kama kilo 1.6 kwa mvuke. Ongeza pumzi za watu wawili waliolala, na usiku wa baridi mvuke huo wote hutafuta bati na kioo. Asubuhi kuna umande ndani ya nyumba. Unapojificha zaidi ni chini ya godoro: juu kuna joto la mwili, chini ubao baridi, katikati ukungu mweusi. Ndiyo maana kitanda kiwe cha chaga zenye nafasi, godoro liinuliwe kila asubuhi, sufuria ifunikwe, na feni ya darini iendeshwe huku dirisha moja limeachwa wazi kidogo, hata kama kuna baridi. Nguo zilizoshindiliwa kabatini hadi kugusa ukuta ndizo huoza kwanza. Zilizo chache, hewa inapita kati yake, hupona. Waisraeli waliokota mana baada ya umande kuinuka, pishi moja kwa kila mtu, na waliobakiza mpaka asubuhi walikuta mabuu na uvundo. Walioshindilia walipoteza walichoshindilia.

Sasa jambo linalouma. Wengi wanaohamia kwenye basi hukodi stoo mjini ya kuweka sofa, sahani za harusi na makatoni yasiyofunguliwa, na kuilipia kila mwezi. Yule tajiri wa Luka 12 angalau alitaka kuvunja ghala zake ajenge kubwa zaidi. Hawa wamejenga ndogo na kuiacha kubwa ikiwasubiri. Hatusemi kila stoo ni dhambi. Mtu anayejaribu maisha hayo kwa miezi 3 ana haki ya mlango wa kurudi. Ikifika mwaka wa pili na hakumbuki kilichomo, basi lake ni chumba cha mbele cha ghala.

Tusisome Kutoka 16 nusu, hata hivyo. Siku ya sita waliagizwa kuokota maradufu, na akiba ile haikuvunda. Kwa hiyo chini ya kitanda liwepo sanduku moja: mkanda wa injini, hosi ya rejeta, fyuzi, dumu la lita 20 la maji ya kunywa, na filta mbili za dizeli. Filta ya pili si choyo. Basi lililoegeshwa miaka lina uchafu kwenye tangi, na likianza kutembea uchafu unatibuka na kuziba ile ya kwanza, mara nyingi likiwa linapanda mlima.