Penseli ya bibi wa Uru

Nimerudi kutoka Uru, huko Kilimanjaro, jioni hii, vidole bado vyeusi kwa penseli, na sitaki kulala kabla sijaandika.

Wiki mbili zilizopita nilimpelekea bibi ramani ya nyumba anayojengewa na wanawe. Niliichora kwa kompyuta: kuta zina vivuli, na nje ya dirisha nilipachika hata mgomba. Aliitazama kwa heshima, akasema, "Nzuri, mwanangu," akanirudishia. Nilifurahi. Kumbe picha ile ilikuwa imekamilika mno, na mtu mwenye adabu haanzi kubomoa nyumba ya mgeni iliyokwisha kusimama.

Leo nilikwenda na karatasi na penseli ya 4B, basi. Tulikaa kibarazani, nikaanza kuchora mistari hafifu, mingine imepinda. Sijamaliza chumba cha pili, akanyoosha mkono. "Hebu lete."

Jiko akalihamisha, maana mvua ya masika hupiga upande ule. Pipa la mbege, pombe ya ndizi, akaliweka karibu na jiko. Njia ya kubebea majani ya ng'ombe akaipitisha katikati ya sebule yangu. Kisha akazungushia duara kona ya kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, akaikaza penseli. "Hapa amelala babu yenu."

Kwenye ramani ya kompyuta, hapo ndipo nilipokuwa nimechora shimo la choo.

AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta, ilitoka mwaka 1982, kabla sijazaliwa, na siwezi kufanya kazi bila programu kama hiyo. Fundi anataka vipimo kamili, halmashauri nayo inataka michoro safi ndipo itoe kibali. Lakini mstari wa kompyuta huwa na unene uleule, niwe na hakika au nabahatisha. Mkono hausitiri hivyo. Pale ninaposita, mstari husita nami, na anayetazama anajua kuwa bado kuna nafasi ya kusema. Vijana wanaokuja kujifunza ofisini kwetu Moshi mjini hufungua programu kabla hawajashika penseli, na inaniuma, kwa sababu wanawanyima wateja wao nafasi hiyo.

Jumatatu nitaiingiza ramani upya kwenye kompyuta, nikianza na lile duara. Karatasi yenyewe nimeibandika ukutani juu ya meza. Bibi alikaza mkono hadi ikatoboka kidogo, pale penye kaburi.