Bili ya Mama na Bahasha ya Ujenzi

Masomo: Marko 7:9–13, 1 Timotheo 5:3–16, Luka 10:30–37

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kuna swali ambalo huwa haliulizwi kwenye kipindi cha maswali. Linaulizwa pembeni baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama karibu na geti: mgonjwa akizidiwa, nani alipe? Hatuzungumzii malaria ya dawa za siku tatu. Tunazungumzia figo, saratani, moyo, kiharusi, magonjwa ambayo bili yake haina tarehe ya mwisho. Mgonjwa wa figo kwa kawaida husafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara anakaa kwenye mashine kama saa nne, na wiki inayofuata vilevile, na mwezi unaofuata vilevile. Michango ya ndugu huja kwa kishindo wiki mbili za mwanzo. Ikifika mwezi wa tatu kundi la WhatsApp limepoa. Mhazini anaandika, wote wanasoma, alama za bluu zinaonekana, hakuna anayejibu.

Hapa Dar jibu la haraka ni "mwenye uwezo alipe." Huyo mwenye uwezo ni nani? Mara nyingi ni yule mmoja mwenye ajira, au aliye nje ya nchi. Kwa ndugu wa mikoani ni yeyote anayeishi Dar. Mama mkubwa amepewa rufaa kutoka Newala kuja Ocean Road, hospitali ya saratani, amepandishwa basi, ameshuka stendi, ndipo simu inapigwa: "Mwanangu, tumekuletea mgonjwa." Kuanzia hapo malazi, chakula, nauli za kwenda na kurudi kliniki na vipimo vinamhusu mwenyeji. Na mwenyeji mwenyewe amepanga chumba na sebule Mbagala, anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku. Kule kijijini, kuishi mjini kumeshahesabiwa kuwa ni utajiri.

Sasa twende kwenye Neno.

Katika Marko 7, Mafarisayo na waandishi waliotoka Yerusalemu wanawasema wanafunzi kwa kula bila kunawa. Yesu anawageuzia kibao. Musa, anawaambia, aliagiza waheshimuni baba na mama. Ninyi mmeweka utaratibu kwamba mtu akishatamka kuwa mali yake ni korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, basi hamruhusu tena amtendee mzazi wake lolote. Ona Bwana anaipimia wapi heshima ya mzazi. Anaipimia mfukoni. Na ona pia anachokikemea. Wizi haumo hapo, ulevi haumo. Anakemea sadaka, tena sadaka iliyofuata taratibu zote, ambayo naamini walioishuhudia waliipongeza.

Najua jengo letu halijaezekwa. Najua mvua za masika zikija tutahamisha viti tena. Hata hivyo nitasema: mwenye mama kitandani ana haki ya kuiacha kadi ya ahadi ya ujenzi ikiwa tupu na akaketi benchi la mbele bila aibu. Sisi tunaosoma majina ya waliotoa ahadi kubwa, tumewahi kuuliza huyu tunayempigia makofi, kwao kukoje? Yupo anayesimama mbele ya madhabahu na laki tano mkononi, huku dada yake amekopa kikoba ili baba yao apigwe CT-scan. Makofi yanapigwa, vigelegele vinapigwa, na Marko 7 iko wazi kwenye mimbari ileile.

Na anayeiambia familia ipeleke hela ya dawa madhabahuni kama mbegu ya uponyaji, huyo sina namna ya kumtetea. Tusiende kwake.

Kuna korbani nyingine haina hata harufu ya sadaka. Mtumishi wa umma aliye kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya anakatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri anaongeza 3. Uanachama huo unamhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne, na kati ya hao wanne anaweza kuwaweka wazazi wake au wakwe zake. Wapo wenye watoto wawili tu, nafasi mbili zimekaa miaka na miaka hazijajazwa, na mama yuko kijijini anakunywa dawa ya presha siku akiuza kuku. Siku mama akipooza upande mmoja ndipo kijana anafunga kula na kuomba. Kufunga ni kwema. Fomu nayo ingejazwa. Wenye ajira mlio humu, kesho ni Jumatatu, ofisa utumishi yupo.

Paulo anapomwandikia Timotheo kuhusu wajane wa Efeso, anaweka zamu. Kwanza watoto na wajukuu, hao wajifunze kutenda utauwa nyumbani kwao na kuwalipa wazazi waliyotendewa. Muumini mwenye wajane kwao awasaidie mwenyewe, kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia wale ambao kweli hawana mtu. Zamu hiyo tunaivuruga huku na huku. Wapo wenye watoto wanne wenye kazi, na barua ya kuomba msaada inafika kwa mchungaji kabla kikao cha familia hakijakaa. Na yupo bibi asiye na mtoto wala mjukuu, ambaye tumeishia kumwambia tunamwombea.

Lakini kabla ya watoto yupo mtu mwingine tunayemruka: mgonjwa mwenyewe. Yule mwanamke wa Marko 5 aliyetokwa damu miaka 12 alikuwa ametumia vyote alivyokuwa navyo kwa matabibu. Vyake mwenyewe. Hatuambiwi kwamba kuna mtu alimzuia kwa sababu mali ile ilikuwa na warithi. Huku kwetu baba amelazwa, ana nyumba Kimara yenye wapangaji, ana kiwanja Kibaha chenye hati. Kodi ya wapangaji inapokelewa na kaka mkubwa, hakuna anayeuliza inakokwenda. Kiwanja hakiguswi. Bakuli linapita ibadani. Mimi naliita jambo hili kwa jina lake: hao watoto wameshamweka baba yao kwenye hesabu ya marehemu, wanasubiri tarehe tu. Mali ya baba ilitafutwa na jasho la baba, na figo zinazoshindwa ni za baba.

Msinielewe vibaya. Simaanishi mama atolewe nyumbani kwake ili nyumba iuzwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 yenyewe inamzuia mwenzi mmoja kuuza nyumba wanayoishi bila ridhaa ya mwenzake, na hata bila sheria hiyo, kumtibu mmoja kwa kumfanya mwingine akose pa kulala ni kuongeza mgonjwa. Tena mgonjwa mwenye akili zake timamu aulizwe. Wazee wengi husema, "Msiuze shamba kwa ajili yangu." Huenda anasema hivyo kwa kuwa ameona hampo tayari, na huenda ndiyo nia yake kabisa. Kaa kitandani pake umuulize tena, kwa upole, ndugu wengine wakiwa wametoka nje. Akirudia neno lilelile, liheshimuni.

Nije kwa yule asiyehesabiwa kabisa. Kila familia inaye binti mmoja, mara nyingi ndiye asiye na kazi ya ofisini, anayeuguza. Saa kumi alfajiri anapika uji, anaumimina kwenye chupa ya chai, anafunga khanga mbili safi kwenye mfuko, anapanda daladala Gongo la Mboto amesimama mpaka mwisho wa safari. Wodini anamgeuza mama ubavu, anampaka mafuta mgongoni na kwenye visigino asitoke vidonda vya kulalia, anamnywesha uji kijiko kwa kijiko. Anapewa karatasi ya dawa, anaipiga picha, anaituma kwenye kundi. Anasubiri. Meza yake ya vitafunwa sokoni imefungwa tangu mama alazwe. Kutoka Mwanza kaka anaandika: "Risiti za juzi ziko wapi?" Na kwenye orodha ya michango, mbele ya jina la binti huyo, kuna sifuri.

Kaka hana kosa kudai risiti. Hela ya mgonjwa imeshawahi kujengea watu banda la kuku, tunafahamiana. Lakini hospitali za serikali siku hizi hutoa namba ya malipo. Kaka akitumiwa namba hiyo analipa mwenyewe kwa simu akiwa hukohuko Mwanza, na risiti inakuja kwake. Aibu inaondoka pande zote mbili. Kinachobaki ni ile sifuri, nayo lazima ifutwe. Andikeni kwamba huyu ameuguza, na kwamba biashara yake imesimama. Kikao kimtengee hela ya kuishi kila wiki, na asiiombe kwa kupiga magoti.

Msamaria wa Luka 10, yule aliyemkuta njiani mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi, alilipa kwa njia zote mbili. Alifunga majeraha kwa mikono yake, akatia mafuta na divai vilivyokuwa vyake, akatembea kwa miguu ili mgonjwa apande mnyama. Usiku ule alikaa naye. Asubuhi akatoa dinari mbili. Kwa kuwa dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa, kama inavyoonekana katika Mathayo 20, huo ni mshahara wa siku mbili. Akamwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba chochote kitakachozidi atamlipa akirudi. Huyo mwenye nyumba hakubaki anajiuliza amdai nani. Kwenye familia zetu hospitali inadai, na kila mtu anamwangalia mwenzake. Kaeni kikao mapema, mchague mmoja atakayejulikana wodini na kwa mhasibu, na wengine wamtumie yeye.

Lakini Msamaria aliendelea na safari yake. Shughuli iliyomtoa kwao aliiendea. Nasema haya kwa ajili ya wale waliobeba peke yao mpaka wameingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, watoto wamerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada, ndoa inayumba. Nimesikia ndugu wakiishika 1 Timotheo 5:8 kama rungu, ile ya kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Mstari huo unamhusu aliye nacho na hataki. Dereva wa bodaboda wa Mbagala haumgusi. Kama uwezo wako ni elfu hamsini kwa mwezi, sema elfu hamsini, na kila tarehe hiyo itoke. Mgonjwa wa figo anamhitaji zaidi mtu wa elfu hamsini asiyekosa kuliko mjomba aliyeahidi milioni kwenye kikao akazima simu.

Familia ikifika mwisho kabisa, pale pale hospitalini kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Kazi yao mojawapo ni kuwachunguza wasio na uwezo ili wapate msamaha wa gharama, na kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza sera yetu inasema watibiwe bure. Tatizo letu ni kwenda huko siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imeshavimba. Nendeni siku ya kulazwa, na barua ya serikali ya mtaa. Mzee wa kanisa anaweza kuwasindikiza; si lazima mchungaji. Tena Bunge lilishapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kwa hiyo fuatilieni kwa watendaji wenu wa mitaa namna ya kujiandikisha, mkiwa bado wazima.

Jambo moja la haraka. Mtu akifa, turubai linafungwa jioni ileile, na hela ya basi la kwenda Moshi au Bukoba inapatikana usiku mmoja. Sote tunalijua hili na sote tunalilaumu, kisha msiba unaofuata tunafanya vilevile. Kamati ya rambirambi ya usharika wetu ina daftari. Sioni sababu daftari hilo lisiwe na ukurasa wa wagonjwa.

Alhamisi jumuiya zikikutana, msome Marko 7 yote, halafu kila nyumba iseme ina mgonjwa gani na anauguzwa na nani. Kadi za ahadi ya ujenzi zinaanza kugawiwa Jumapili ijayo. Mwenye mgonjwa mahututi aipokee kama wengine, asijaze kiasi, nyuma yake aandike jina la mgonjwa na wodi, ampe mzee wa jumuiya. Nimeshaongea na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Amenuna kidogo, lakini amekubali.