Kutu ya Macalder

Tulitoka Mwanza kabla ya adhana ya alfajiri. Tukapita Magu, Bunda, daraja la Kirumi, na mchana tukagongewa mihuri Sirari, mpakani, tukaingia Kenya. Usiku tukalala Migori. Asubuhi nikapanda gari la abiria kwenda Macalder, mgodi niliokuwa nikiutamani tangu niliposikia kwamba huko, karibu na ziwa letu hili hili, kuna mawe yaliyozaliwa chini ya bahari.

Kabla hata ya kushuka niliona rangi. Rundo la mchanga wa mgodi limekaa pale, la manjano na wekundu wa kutu, mvua imelichimba mifereji. Geita wangeliita marudio. Majani hayaoti juu yake, isipokuwa vishungi viwili vitatu pembezoni.

Miaka zaidi ya bilioni 2.5 iliyopita hapa palikuwa sakafu ya bahari yenye volkano. Maji ya moto yalipanda kupitia nyufa yakiwa yamebeba madini, yakakutana na maji baridi, na madini yakaganda papo hapo pamoja na salfa: shaba mahali penye joto zaidi, zinki pale palipopoa kidogo. Ziwa Victoria lenyewe lina kama miaka 400,000 tu, tena kiasi cha miaka 15,000 iliyopita lilikuwa limekauka kabisa. Nilisimama nikiwaza hilo, nikaliona ziwa nililokulia kando yake kuwa mtoto mchanga.

Miaka ya 1930, homa ya dhahabu ilipovuma Kakamega, watafutaji walifika hadi huku. Kilichowaonyesha njia ni kutu. Madini ya salfa yakikutana na hewa na mvua huoza, chuma hubaki juu kikiwa chekundu, na dhahabu, kwa kuwa haiozi, hubaki humo humo. Basi walianza na dhahabu ya juu, wakashuka hadi kwenye shaba iliyochanganyika na zinki na fedha. Mgodi ulifungwa mwaka 1966, mwaka ule ule ulipofungwa mgodi wa zamani wa Geita.

Kuoza kule hakujafungwa. Kila mvua inaponyesha kwenye rundo, salfa hugeuka tindikali. Niligusa maji ya dimbwi moja kwa ncha ya kidole. Yalikuwa mekundu kama chai ya rangi, na ukingo wake umeganda chumvi ya manjano.

Kando ya karasha, mashine ya kusaga mawe, mama mmoja alikuwa anaosha mchanga kwenye karai. Akamimina zebaki ili inase dhahabu, akaisugua kwa kiganja kitupu, kisha akaikamua ndani ya kitambaa. Ikabaki donge la kijivu, dogo kuliko punje ya mahindi.

“Shikamoo mama. Hiyo mnaichomea wapi?”

“Nyumbani, jikoni. Wapi tena, mwanangu?”

Nilimweleza kuhusu ule mvuke wa zebaki inapochomwa, kwamba hauonekani lakini unaingia kwenye mapafu na kuharibu mishipa ya fahamu, na watoto ndio huumia zaidi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniambia karo ya shule inasubiri Jumatatu. Sikuwa na jibu, na hadi leo linaniuma.

Wakati wa kuagana akanipa jiwe lililopasuliwa karibuni. Ndani lilikuwa na mshipa wa manjano ya shaba na, ukiligeuza juani, vipande vya kahawia iliyokolea vinavyong'aa kama utomvu mkavu. Hiyo ndiyo zinki ikiwa bado imeshikana na salfa yake.

Jioni nilifika Sori, ufukweni. Jiwe lilikuwa limejaa vumbi, nikainama niliogeshe. Hatua chache kutoka hapo watoto walikuwa wanachota maji ya kunywa kwa ndoo. Nikalifunga tena kwenye gazeti, na vumbi lake.