Uraia wa Uingereza: jinsi miaka 5 ya sheria ilivyofika 8

Mtu akiniuliza hapa Nairobi uraia wa pili unachukua muda gani, namwuliza kwanza viza yake inasemaje. Watu huhesabu kuanzia siku ndege ilipotua Heathrow. Serikali ya Uingereza haihesabu hivyo, na kila hatua ina saa yake inayoanza kwa tarehe yake.

Nilitua tarehe 20 Septemba 2015 kwa viza ya mwanafunzi, shahada ya uzamili. Muda huo wa masomo hauingii katika miaka 5 inayotakiwa ili upewe ukaazi wa kudumu kwa njia ya kazi. Saa ilianza 6 Februari 2017, nilipobadilishiwa viza kuwa ya kazi. Miezi 16 na nusu ikawa imekwenda bure, kwa upande wa ukaazi. Anayekwenda kusoma auingize muda huo katika mpango wake tangu mwanzo.

Ombi la ukaazi wa kudumu unaruhusiwa kulituma siku 28 kabla ya kutimiza miaka 5. Kabla ya siku hizo usijaribu. Ombi la mapema hukataliwa na ada hairudi. Nililituma 12 Januari 2022 nikalipa pauni 2,389, na kibali kikatoka 21 Machi. Mtihani wa Life in the UK, yaani wa maarifa kuhusu maisha ya Uingereza, nilikuwa nimeshaufanya: maswali 24, dakika 45, unatakiwa upate 18, ada pauni 50. Matokeo yake hayaishi muda, kwa hiyo yaleyale hutumika tena kwenye ombi la uraia. Kuhusu Kiingereza, cheti cha shahada ya chuo cha Uingereza kilitosha. Mwenye shahada ya Kenya hulazimika kuithibitisha kupitia Ecctis, shirika la huko linalotambua shahada za nje, au kufanya mtihani wa lugha.

Baada ya kibali kuna kungoja miezi 12. Aliyeoa au kuolewa na Mwingereza hangoji. Yeye anaweza kuomba uraia mara tu apatapo ukaazi wa kudumu, mradi ametimiza miaka 3 ya kuishi huko. Sisi wengine tunasubiri mwaka mzima, na hapo ndipo wengi huumia kwa sababu ya siku.

Kanuni za siku ziko mbili na watu huzichanganya. Kwa ukaazi wa kudumu, usizidishe siku 180 nje ya nchi katika miezi 12 yoyote, na miezi hiyo inahesabiwa kwa kuteleza, yaani kuanzia siku yoyote, si Januari hadi Desemba. Kwa uraia, usizidishe siku 450 katika miaka 5 wala siku 90 katika miezi 12 ya mwisho. Mtu anaweza kuwa salama upande mmoja akaanguka upande wa pili. Hizo 90 huwanasa hasa wale ambao, wakishapata ukaazi, hushukuru Mungu na kuja nyumbani kukaa miezi minne.

Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazihesabiwi. Zinazohesabiwa ni siku kamili ulizokuwa nje. Tatizo ni kwamba Uingereza haigongi muhuri unapotoka. Kumbukumbu ya kweli iko kwenye mihuri ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi. Tazama safari moja: niliondoka London jioni ya 14 Desemba 2019, muhuri wa kuingia JKIA ukasoma 15 Desemba, wa kutoka ukasoma 11 Januari 2020, nikatua London asubuhi ya 12. Siku za kuhesabu ni 15 Desemba hadi 11 Januari, pande zote mbili zikiwemo: 17 jumlisha 11, yaani 28. Kwa ndege za usiku, basi, hesabu muhuri hadi muhuri. Ukisafiri kwa ndege ya mchana inayofika siku ileile, siku ya muhuri ndiyo siku ya safari na unaiondoa. Kabla ya kukabidhi pasipoti ya zamani ili upate ile ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, piga picha kila ukurasa. Mimi niliweka kila safari kwenye jedwali la kompyuta, pamoja na tiketi, na fomu ikajazwa kwa saa moja.

Sasa kosa ambalo hata mawakili wa mtaani hulipita. Kipindi cha miaka 5 kinahesabiwa kurudi nyuma kuanzia siku ombi linapopokewa, na unatakiwa uwe ulikuwa ndani ya Uingereza kwa mwili siku kipindi hicho kilipoanza. Miezi yangu 12 ilitimia 21 Machi 2023. Kurudi nyuma miaka 5 ni Machi 2018, na kuanzia 17 Machi hadi 15 Aprili mwaka huo nilikuwa Nairobi kwenye harusi. Ningetuma siku ileile ningekuwa nje ya kanuni. Nilisubiri hadi 20 Aprili 2023. Ofisa ana mamlaka ya kulegeza jambo hilo katika hali maalumu, lakini sikuona sababu ya kubahatisha pauni 1,330 za wakati huo (80 kati yake zilikuwa za hafla ya kiapo) kwa ajili ya mwezi mmoja.

Wadhamini ni wawili, na kila mmoja awe amekujua kwa miaka 3. Mmoja awe mtu wa taaluma, wa uraia wowote. Wa pili awe na pasipoti ya Uingereza. Hata mmoja wao asiwe ndugu yako wala wakili anayeshughulikia ombi lako. Tabia nayo huchunguzwa, kwa hiyo faini na makosa yoyote yaandike yote. Kuficha ni kosa zito kuliko faini yenyewe.

Alama za vidole zilichukuliwa Mei, jibu likaja 2 Oktoba. Ukishapokea mwaliko wa kiapo una miezi 3 ya kuhudhuria. Changu kilikuwa 9 Novemba 2023. Uraia huanza siku ya kiapo, si siku ya barua ya kukubaliwa. Jumla, tangu kutua: miaka 8 na takriban wiki 7. Anayeanza leo asome kanuni za sasa kwanza, kwa kuwa mwaka 2025 serikali ya huko ilitangaza mpango wa kuifanya miaka 5 ya ukaazi kuwa 10.

Upande wa Kenya ni mfupi, lakini una meno. Tangu Katiba ya 27 Agosti 2010, Ibara ya 16, raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua mwingine. Aliyechukua uraia wa nje kabla ya siku hiyo aliupoteza wa Kenya, na lazima aombe kuurejesha chini ya Ibara ya 14. Lakini Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inakutaka utangaze uraia wako wa pili ndani ya miezi 3. Usipotangaza, adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni 5, kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Mimi siku yangu ya mwisho ya kutangaza ilikuwa 9 Februari 2024. Unaanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha Nyayo House, ofisi za uhamiaji Nairobi, ukiwa na nakala za cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti zote mbili na hati ya uraia mpya. Anayewaza kugombea ubunge ajue Ibara ya 78 hairuhusu ofisa wa serikali wa ngazi hiyo kuwa na uraia pacha.

Majina yapange mapema. Ofisi ya pasipoti ya Uingereza hutaka jina liwe moja katika pasipoti zote. Kama cheti cha kuzaliwa kina majina matatu na pasipoti ya Kenya ina mawili, rekebisha Nairobi kwanza, ndipo uombe ile ya pili.

Na usikate tiketi ya kuja nyumbani wiki ya kiapo. Siku hiyo ukaazi wako wa kudumu unakoma, na pasipoti ya Kenya peke yake haitakurudisha: kaunta ya ndege JKIA watataka viza ambayo huna tena. Ngoja pasipoti mpya; ya kwanza ya mtu mzima huchukua wiki kadhaa. Ukishakuwa nazo mbili, ya Kenya unamwonyesha ofisa wa uhamiaji wa Kenya, ya Uingereza unaitoa kwenye kaunta ya ndege.