Nukta na Koma za Darasa la Nne

Muhula wa pili wa 2018 nilikuwa nafundisha darasa la nne katika shule moja ya umma hapa Eastlands, Nairobi. Watoto 63, dawati moja watatu. Kulikuwa na msichana mwenye hati nzuri ajabu, lakini kila alichonakili kutoka ubaoni hakikuwa na nukta wala koma, mwanzo hadi mwisho. Nilimchora kalamu nyekundu wiki nenda wiki rudi. Kisha nikamwona akimwegemea jirani yake wakati wa kunakili, nikaamini anaiba kazi ya mwenzake. Nikamhamishia nyuma kabisa, peke yake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mamake ndiye aliyempeleka kituo cha tathmini, mahali watoto wanapopimwa kama wana ulemavu au shida ya kujifunza. Serikali ilianzisha vituo hivyo 1984, na bado wazazi wengi hawajui vipo. Wakamkuta na uoni hafifu.

Afisa wa kituo, mwalimu aliyesomea elimu maalum KISE, Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya kule Kasarani, akaja shuleni. Nilidhani atasema mtoto apelekwe shule maalum. Mwaka huohuo Wizara ya Elimu ilikuwa imetoa sera inayosisitiza elimu jumuishi, yaani watoto wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao katika shule za kawaida, lakini mimi sikuwa nimeisoma.

Hakuanza na mimi. Alijibana kwenye dawati la mtoto, akainama mpaka macho yao yakawa kimo kimoja.

"Ubaoni unaona nini?"

"Namwona mwalimu. Maneno siyaoni. Huwa nanong'onezewa."

Nilihisi miguu ikiniisha nguvu. Anayekunong'onezea sentensi hakutajii nukta.

Afisa alikaa pale hadi kengele ikalia. Alinionyesha jinsi mng'aro wa mabati ya jirani ulivyoingia dirishani na kufuta nusu ya ubao. "Mwalimu, hata mimi sioni," akasema. Tukaziba dirisha lile kwa leso. Mtoto akarudi mbele, akapewa kibao cha kuinua kitabu. Mimi nikaambiwa niandike maandishi makubwa na nisome kwa sauti kila ninachoandika, alama zote pia. Karatasi za manila na kalamu nene nilinunua mwenyewe, maana pesa za shule hazikufika huko. Wale wa nyuma, ambao hakuna aliyewahi kuwapima macho, nao wakaacha kusimama simama.

Alhamisi, nikiwa katikati ya sentensi, nikasikia sauti mgongoni.

"Mwalimu, hiyo ni koma ama nukta?"

Ilikuwa koma. Nilikuwa nimesahau kuitaja.