King'amuzi Kile Kile, Mwenye Mali Mwingine

Tarehe 22 Septemba 2025 kampuni ya Canal+ ya Ufaransa ilichukua rasmi udhibiti wa MultiChoice ya Afrika Kusini, wenye DStv, na sebuleni kwa dada yangu, mtaa wa Soweto (Soweto yetu ya Moshi, si ile ya Johannesburg), hakuna kilichobadilika. King'amuzi cha DStv kiliendelea kukaa juu ya kabati la vyombo, kimefunikwa nusu na kitambaa cha kufuma. Nilipomweleza kwamba ada yake ya mwezi sasa inaishia kwa mwenye mali mwingine, aliniuliza jambo moja tu: je, bei itapanda? Ni swali la haki kwa mtu anayelipa. Hata hivyo, kati ya maswali yote yanayohusu umiliki wa vyombo vya utangazaji, hilo ndilo jepesi kuliko yote, na kwa bahati mbaya ndilo ambalo sheria zetu nazo zimezoea kuliuliza.

Waafrika Kusini walijaribu kwenda mbali kidogo. Sheria yao haimruhusu mgeni kushika zaidi ya asilimia 20 ya kura katika kampuni yenye leseni ya utangazaji. Canal+ ilikuwa ikinunua hisa kidogo kidogo sokoni hadi ilipovuka asilimia 35 mapema mwaka 2024, kiwango ambacho kwa sheria za huko humlazimu mnunuzi kutoa ofa kwa wanahisa wote waliobaki, na hatimaye ikatoa randi 125 kwa kila hisa. Ili kikwazo cha kura kisivunje biashara, kampuni yenye leseni ilitenganishwa na kundi zima na kupewa wanahisa wengi wa Afrika Kusini, huku kundi la MultiChoice likibakiwa na asilimia 49 ya manufaa ya kiuchumi na asilimia 20 tu ya kura. Baraza la Ushindani la nchi hiyo liliidhinisha mpango huo Julai 2025 kwa masharti, mojawapo likiwa kutopunguza wafanyakazi kwa miaka mitatu. Ni suti iliyoshonwa barabara kwa vipimo vya sheria, lakini asilimia za kura hazinielezi ni nani atakayeamua habari ya nchi gani ipewe mwandishi na habari ya nchi gani iachwe.

Sisi tulianza na mrundikano wa aina nyingine. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 sauti ya redio Tanzania Bara ilikuwa ya Serikali, na televisheni haikuwapo kabisa, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu mwaka 1973. ITV ilipoanza mwaka 1994, mwenye nayo alikuwa Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame, hapa Kilimanjaro, ambaye baada ya muda alikuwa na televisheni, redio na magazeti chini ya paa moja. Huku kwetu jambo hilo hutajwa kwa fahari, nami siikatai fahari hiyo, ila naona faida nyingine iliyosahaulika: mwenye mali alijulikana kwa jina, kwa sura na hata kwa kijiji, na msomaji aliweza kuisoma habari akijua imetoka nyumba ya nani.

Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, kituo kinaandaa vipindi na mtu mwingine anavibeba hadi kwenye king'amuzi. Uzito wa lango hilo tuliuonja Agosti 2018, pale chaneli za bure za hapa nchini zilipoondolewa kwenye ving'amuzi kadhaa vya kulipia kwa sababu ya masharti ya leseni, na baadhi yetu tukalazimika kununua king'amuzi cha pili ili tupate taarifa ya habari. Hakuna kituo kilichofungwa siku hiyo, na hakuna kilichouzwa.

Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 inazuia miungano inayojenga au kuimarisha uhodhi wa soko, na ilipotungwa kipimo chake cha uhodhi kilianzia zaidi ya asilimia 35 ya soko. Kwa saruji au soda kipimo cha namna hiyo kinatosha. Lakini mtu mwenye redio, gazeti na televisheni anahesabiwa katika masoko matatu, na anaweza asifikie kipimo hicho katika lolote, ilhali mpiga kura yule yule anaamka na redio yake, anasoma gazeti lake kwa kinyozi, na analala baada ya kutazama taarifa yake ya saa mbili.

Uingereza waliligundua pengo hili mapema. News Corp, iliyokuwa na magazeti makubwa na asilimia 39.1 ya kampuni ya televisheni ya kulipia ya BSkyB, ilipotaka kuinunua yote mwaka 2010, Tume ya Ulaya iliruhusu kwa upande wa ushindani. Huko London, hata hivyo, sheria ya mwaka 2002 iliruhusu swali la pili kuulizwa, yaani kama zingebaki sauti za kutosha zenye wamiliki tofauti. Sitadai kwamba swali hilo ndilo lililoua ununuzi huo. Ulikufa Julai 2011 kwa kashfa ya udukuzi wa simu uliofanywa na gazeti moja la News Corp. Ila lilichelewesha mambo kiasi cha kashfa kulikuta jalada bado wazi.

Hapo ndipo ninapoitazama Arusha. Mamlaka ya Ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake huko, ilianza kupokea taarifa za miungano ya kampuni tarehe 1 Novemba 2025, siku 40 kamili baada ya Canal+ kukabidhiwa MultiChoice. Arobaini ilikwisha ndipo mlango ukafunguliwa. Kizingiti chake kinaanzia dola milioni 35 za mauzo au mali. Ni kipimo cha fedha tena. Kwa upande wa Tanzania, hesabu ya sauti ingewezekana bila mtaalamu kutoka nje, kwani leseni za utangazaji ziko Mamlaka ya Mawasiliano, za magazeti ziko Idara ya Habari, na majina ya wamiliki wa kampuni yako BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Sijaona sheria inayoipa ofisi yoyote wajibu wa kuyaweka majalada hayo matatu juu ya meza moja kabla ya kugonga muhuri.